Mizani ya Jikoni

Al Hamra, saa nne usiku. Kiyoyozi kinakohoa.
Nimetandaza kanga ya mama sakafuni,
ile ambayo jina lake limefutika kwa kufuliwa,
na juu yake nimepanga bidhaa kama mchuuzi wa mnada:
kamera, lenzi tatu, betri nne, kamba,
viatu nilivyovivaa wiki nzima ndani ya nyumba
mpaka jirani akauliza kama tunafuga farasi.

Mizani ni ya jikoni, ya unga na tende.
Lakini mizani niliijua kwanza kwa mashairi,
mama akihesabu kwa vidole juu ya goti langu,
nane huku, nane kule,
kidole kikizidi, mshororo umelemaa.
Sasa nahesabu gramu.
Lenzi ndefu: kilo moja na robo.
Chupa ya maji: kilo moja na robo.
Nimeziweka zikitazamana kama wake wenza,
kila mmoja anasema nyumba ni yake.
Lenzi hiyo niliinunua kwa bangili mbili.
Mama hajauliza ziliko;
huutazama mkono tu.

Kesho ni korongo la Bani Awf.
Saa saba za mawe,
kuta zikisogeleana hadi mbingu ibaki upana wa mkanda,
kisha madimbwi yasiyo na ukingo, ni kuogelea tu,
mzigo ukielea mbele yako kama mtoto anayefundishwa.
Dimbwi la pili ndilo lililoila kamera yangu mwaka juzi.
Haikuzama, na hilo ndilo linaloniuma.
Ilirudi nyumbani na maji ndani ya jicho.
Niliizika katika pishi la mchele siku tisa.
Mchele tuliupika. Picha hazikuonekana.

Basi safari hii mfuko nimeujaribu:
karatasi laini ya chooni ndani, mdomo nimeukunja mara tatu,
nimeuzamisha katika ndoo, jiwe juu yake,
nami nimekaa kando kama mkunga.

Msellem anapiga simu.
"Umeutazama mlima?"
Nimeutazama. Nyota tupu.
"Kesho ukiona wingu kule juu, hata liwe dogo kama kofia,
tunageuka. Mvua hunyesha Jabal Shams,
anayekufa yuko bondeni, juani."
Ananikumbusha chumvi, glavu, soksi za akiba.
Kamera haitaji.
Mwaka juzi yeye ndiye aliyekuwa kwenye kamba,
na mimi juu, nikiungoja mwanga ushuke ukutani,
nikamwacha ananing'inia dakika nne.
Picha ilikuwa nzuri.
Ndiyo iliyolowa.
Hajawahi kunisema. Angenisema, ningepumzika.

Mama anapita kuchukua maji, anaona kanga yake,
anaona soko langu, anasema bila kusimama:
"Mizigo ya mapenzini, haipimwi kwa ratili."
Nahesabu kwa vidole. Nane, nane.
Nami, nikilishika goti la kushoto lenye bandeji:
"Hupimwa huku gotini..."
"Hiyo nusu," anasema. "Nusu ya pili?"
Sina. Anazima taa ya ukumbini, ananiachia ya jikoni.

Saa sita nailaza lenzi ndefu kabatini,
katikati ya shuka, kifuniko kikiwa kimefungwa,
ili isinitazame.
Saa kumi alfajiri naufungua mfuko.
Karatasi ni kavu, ila kona moja, kiasi cha ukucha.
Natafuta gundi ya utepe, nafunga mara mbili, tatu.
Maji chupa nne. Lenzi moja, fupi, ya kupigia watu.

Taa za gari la Msellem zimeshapanda ukutani.
Nasimama mlangoni kwa mama, kwa sauti ya chini,
nikidhani amelala:
"Hupimwa huku gotini, na mshika kamba pili."

Kimya. Kitanda kinalia.
"Vina vimekaa," anasema gizani.
"Na tende, umechukua?"